Mji unamdai mdogo wangu dola 18,400 kabla hajauza hata sahani moja ya biriani: kuna kitu kama hichi kweli?

Swali limetoka kwa msomaji wa Fuoni, nimelifupisha kidogo tu: "Assalamu alaikum kaka. Mdogo wangu yuko Marekani, mji mmoja nje kidogo ya Seattle, anataka kufungua mgahawa wa vyakula vyetu. Mimi na mama tumeuza kiwanja tukamtumia pesa. Keshakodi pahala palipokuwa duka la mazulia. Juzi kanambia mji unataka dola 18,400 ndo wampe kibali, na si kodi wala si leseni, eti pesa ya barabara. Mume wangu anasema hapo naliwa, barabara si ya serikali? Naomba unambie ukweli, na kama ni kweli tunaweza kuipunguza? Na nikija kufungua changu Paje na mie ntatozwa hivo hivo?"

Waalaikum salaam dada yangu. Nianze na la roho kwanza, mana kiwanja ni kiwanja, na najua maneno ya ndani ya nyumba yanavokuwa pesa ikishavuka bahari: kitu hicho kipo, kipo kwa sheria, na kiasi kama hicho kwa mgahawa unaoingia ndani ya duka la mazulia mimi hakinishtui. Kwa ulivoeleza, mdogo wako hajakudanganya. Lakini kuwepo ni jambo moja na kuhesabiwa sawa ni jambo jengine kabisa, na hapo kwenye hesabu ndo nataka nikae na wewe, kwa sababu hesabu hizi nimezifanya miaka tisa huko huko jimbo la Washington, nikiwasaidia watu wa biashara ndogo kabla sijarudi Unguja, na nimeona watu wakilipa wasichodaiwa kwa sababu waliona aibu kuuliza.

Huko wenyewe wanaiita impakti fii, mimi ntaiita ada ya athari. Inalipwa mara moja tu, wakati wa kuchukua kibali cha ujenzi au cha kubadilisha matumizi ya jengo. Mantiki yake ni hii: kila biashara mpya inaleta watu, watu wanakuja na gari, gari zinajaza barabara, siku moja mji unalazimika kupanua njia panda au kutia taa, sasa nani alipe? Mji unasema alokuwepo zamani keshalipa kupitia kodi zake, na anaekuja sasa atoe fungu lake la kile anachokiengeza yeye. Jimbo la Washington sheria inaruhusu miji kutoza ada hii kwa mambo manne: barabara, bustani na viwanja vya mapumziko, skuli, na zimamoto. Mgahawa kawaida unaguswa na barabara na pengine zimamoto, skuli huwa ni mzigo wa wanaojenga nyumba za kuishi.

Kwa hiyo mumeo kauliza suala la haki kabisa, barabara ni ya serikali kweli. Na sheria inamuunga mkono kwa upande mmoja muhimu sana: mji hauruhusiwi kumtoza mgeni pesa za kuziba upungufu wa zamani. Kama barabara ilikuwa na foleni mbovu miaka kumi kabla ya mdogo wako kufika, foleni ile haimhusu. Wala mji hauwezi kutegemea ada hizi peke yake kujengea, lazma na wenyewe utie pesa kutoka mfuko mwengine.

Sasa tuingie jikoni. Mji unaorodhesha miradi ya barabara itakayohitajika kwa sababu ya watu kuengezeka, unapiga gharama, unatoa ile sehemu ya upungufu wa zamani, halafu unagawa kwa idadi ya safari mpya za gari zinazotarajiwa. Inatoka bei ya safari moja. Safari inayohesabiwa kwa kawaida si ya siku nzima, ni ya muda wa dakika sitini tu za jioni, pale watu wanapotoka makazini, saa ya msongamano. Bei ya safari moja inatofautiana mno mji hadi mji, unaweza kuvuka daraja tu ukakuta imeruka mara mbili.

Na nani anasema mgahawa unaleta safari ngapi? Lipo buku kubwa la jumuiya ya wahandisi wa usafiri, ITE, watu walikaa nje ya maduka na migahawa wakahesabu gari zinazoingia na kutoka, mahala kwa mahala, miaka na miaka, ikapatikana wastani wa kila aina ya biashara kwa kila futi za mraba 1,000. Hapo ndo utaona kwa nini mdogo wako kakumbana na bei hii. Duka la fanicha, na la mazulia mara nyingi linawekwa fungu hilo, saa ile ya jioni linaleta kama nusu safari tu kwa kila futi 1,000. Fikiria mwenyewe, nani anaenda kununua zulia kila siku? Mtu ananunua zulia moja anakaa nalo miaka kumi. Mgahawa wa kukaa ukala, wa kawaida, unaleta kama safari 9 kwa eneo lile lile. Jengo halijabadilika hata tofali, ukuta ule ule, mlango ule ule, lakini kwa macho ya mhandisi barabara imepata mzigo mara kumi na nane.

Tupige hesabu ya mfano, namba za bei na ukubwa nazitunga mimi ili uone njia tu. Tuseme pahala ni futi 1,800 na mji unatoza dola 2,000 kwa safari. Mgahawa: 9 mara 1.8, safari 16.2. Lakini usikimbilie kuzidisha, hapa pana kitu watu wengi hawakijui. Mtu anaetoka Darajani kwenda kwake Fuoni akasimama njiani kula urojo, hajaengeza gari barabarani, angepita pale pale hata urojo usingekuwepo. Wahandisi wanamjua mtu huyu, wanamtoa kwenye hesabu, na kwa mgahawa wa aina hii wapita njia wa saa ya jioni wanakadiriwa kama asilimia 43. Ukiwatoa, safari 16.2 zinashuka hadi 9.2. Halafu unatoa safari za lile duka la mazulia, nusu mara 1.8, kama 0.9, kwa sababu mji ulishazibeba safari zile toka zamani. Zinabaki 8.3. Mara dola 2,000 ni 16,600. Ukitia na ada ya zimamoto unakaribia hapo hapo alipotajiwa mdogo wako. Lakini tizama: mtu wa mji akisahau kuwatoa wapita njia, hesabu inakuwa safari 15.3 na bili inakuwa dola 30,600. Mstari mmoja kwenye karatasi, dola 14,000. Kwetu hizo ni pesa za kiwanja chengine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, na mwambie leo, aombe karatasi ya hesabu. Asiombe maelezo ya mdomo, aombe karatasi yenyewe inayoonesha wametumia aina gani ya biashara, futi ngapi, wametoa nini, na bei ya safari moja ni ngapi. Ni haki yake, hawatakasirika, wenyewe wanaitoa kila siku. Karatasi hiyo hiyo akutumie picha na wewe, ndo itakayomtuliza mumeo kuliko barua yangu hii. Na bei za mji zinatangazwa wazi kwenye tovuti ya mji, utaweza kulinganisha mwenyewe ukiwa umekaa barazani Fuoni. Kama bado pana wasiwasi, aombe namba ya kibali, miji mingi inapokea malipo moja kwa moja mtandaoni kwa namba ile, na risiti inatoka kwa jina la mji. Ombeni haya kwa wema tu dada yangu, mwambie tunataka kukusaidia kukagua, usimhoji kama askari, mana yuko peke yake kule na ana mzigo mkubwa.

Nikupe na kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Mama mmoja wa Kihabeshi, mji siutaji, alikuwa anafungua mkahawa wa kahawa na vitafunio, kaandikiwa futi 2,400. Nikamwambia twende tukapime. Tulikwenda Jumamosi asubuhi na tepu ya chuma, mwanawe anashika ncha moja mie nashika nyengine, tukapima ukumbi, jiko, choo, stoo. Zikatoka futi 1,950 na kidogo. Tukarudia tukidhani tumekosea. Kumbe ule ukanda wa nyuma unaotumiwa na maduka matatu kwa pamoja, wa kupitishia taka, ulikuwa umeandikwa wote kwake yeye kwa sababu mwenye nyumba ndivo alivouandika kwenye mkataba wa kukodi, apate kodi zaidi. Tulipeleka mchoro na vipimo, ada ikashuka. Yule mama alikaa kwenye gari akalia, na hakulia kwa furaha tu, alilia kwa sababu alikuwa ameshakopa kwa jamaa zake pesa ile yote na riba ya aibu juu yake. Toka siku ile kila aliekuja kwangu nilimwambia pima kwanza. Mdogo wako naye apime.

Jengine, na hili ndo zito kuliko yote, ni lile suala la kilichokuwepo kabla. Ada inafuata tofauti kati ya kilichotoka na kinachoingia. Angekodi pahala palipokuwa na pizza au mkahawa wa Kichina, mgahawa kwa mgahawa, tofauti ya safari ingekuwa sifuri au karibu na sifuri na pengine asingedaiwa ada ya barabara hata senti. Najua inauma kuambiwa baada ya mkataba kusainiwa, na simlaumu, hakuna anaemwambia mtu mambo haya, dalali hana faida ya kuyasema. Lakini hata sasa achimbe historia ya jengo. Nimeona maduka ya mazulia ambayo miaka michache nyuma yalikuwa mikahawa. Kila mji una kanuni yake ya kurudi nyuma kiasi gani, aulize kwa maandishi: mnatambua matumizi ya zamani ya miaka mingapi? Kumbukumbu za vibali vya zamani ziko mji huo huo, anaweza kuziomba.

Njia nyengine ni kuleta hesabu yake mwenyewe. Sheria ya Washington inautaka mji uzipokee takwimu na uchunguzi wa mwombaji na uzizingatie. Ila hapa nitasema kweli, kumlipa mhandisi kufanya uchunguzi ule si rahisi, kwa bili ya 18,400 mara nyingi haimlipi, isipokuwa mgahawa wake una jambo la pekee linaloonekana wazi. Mfano haufunguliwi jioni, unauza chakula cha asubuhi na mchana tu saa nane unafungwa. Saa ya msongamano mlango umefungwa, safari inatoka wapi? Hapo hoja ni nyepesi hata bila mhandisi. Na kinyume chake, asije akashawishika kutia dirisha la kuuzia watu wakiwa ndani ya gari, mana hapo anahamia fungu la migahawa ya haraka, na safari za fungu lile ni nyingi mno.

Maji nayapitia haraka. Ada ya kuungiwa maji na maji taka ni kitu mbali na ada ya athari, na huko inapimwa kwa ukubwa wa mita. Mita ndogo ya nyumba inapitisha kama galoni 20 kwa dakika, ya inchi moja 50, ya inchi mbili 160, na miji mingi inatoza kwa uwiano huo huo, yaani inchi mbili ni kama nyumba nane. Fundi bomba akisema tutie kubwa tujihifadhi, amuulize kwanza hesabu iko wapi. Na kama mji wake uko ndani ya King County, kaunti yenye Seattle, kuna ada ya kaunti ya maji taka kwa wanaoungwa upya, hiyo inaweza kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 15, asije akaichanganya na hii.

Kama hesabu imekosewa na mji hautaki kusikia, Washington inaruhusu kulipa huku ukipinga: unalipa, unapata kibali, unaandika kwamba unalipa kwa kupinga, na mji lazma uwe na njia ya rufaa. Mgahawa unaendelea kujengwa huku kesi inaendelea. Lakini muda wa kukata rufaa ni mfupi, mara nyingi umeandikwa kwenye barua ya bili, aisome barua ile leo, asiiweke.

Wala asidhani mji haushindiki. Mwaka 1994 mwanamke mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme, Florence Dolan, mji wa Tigard jimbo la Oregon, jirani kabisa na Washington, alitaka kulipanua duka lake. Mji ukamwambia sawa, ila toa kipande cha ardhi kando ya kijito kwa ajili ya mafuriko, na kipande chengine kwa njia ya baskeli na waendao kwa miguu. Jumla kama asilimia kumi ya kiwanja chake. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Kilichoniganda mimi katika hukumu ile ni kwamba mji ulikuwa umesema njia ya baskeli huenda ikapunguza gari, na mahakama ikasema huenda haitoshi, mji ufanye juhudi ya kuonesha kwamba unachodai kinalingana na mzigo anaouleta yule mtu. Mwaka 2013 mahakama ikasema hivo hivo kwa pesa taslimu, sio ardhi peke yake. Halafu mwaka 2024 mzee mmoja wa California, George Sheetz, alietozwa dola 23,420 za barabara kwa kutia nyumba moja ndogo kwenye ardhi yake, akashinda hoja kwamba ada haiepuki kipimo kile eti kwa sababu tu imepitishwa na baraza. Majaji wote tisa. Mdogo wako hana haja ya kwenda mahakamani, lakini ajue anaposimama dirishani kuomba karatasi hayuko peke yake.

Pesa ikishalipwa inaenda wapi? Huko haiingii kwenye kapu la jumla. Inakaa kwenye akaunti yake, faida yake inabaki humo humo, mji unatoa ripoti kila mwaka, na isipotumika ndani ya miaka kumi inarudishwa. Hii ndo tofauti na kilemba tunachokijua sisi, ile pesa ya kupewa ufunguo wa pahala, kilemba kikishatoka mkononi hukioni tena. Lakini pana mtego: sheria inasema anaerudishiwa ni mwenye mali wa wakati ule, sio mpangaji alielipa. Kwa hiyo mdogo wako akilipa leo, siku ikirudi anaweza kuichukua mwenye jengo. Amuombe mwenye jengo atie mstari mmoja kwenye mkataba kwamba marejesho yoyote ni ya mpangaji. Na akiwa hapo hapo amuombe achangie ada yenyewe, au apunguze kodi miezi ya mwanzo, mana jengo likishakuwa mgahawa limepanda daraja: mgahawa utakaofuata baada yake kwa kawaida hautadaiwa tena. Faida ile inabaki kwa mwenye jengo, si haki mpangaji ailipe yote.

Mimi ukiniuliza, ada hii kwa biashara ndogo ni nzito isivo haki, si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu inadaiwa yote kwa mkupuo wakati mtu hana hata shilingi imeingia. Kampuni kubwa inaitia kwenye mkopo, mama wa kahawa anakopa kwa shangazi. Ingegawanywa miaka mitatu isingemvunja mtu.

Ama la Paje. Huku ukifungua mgahawa utakutana na leseni, ukitaka maji ni ZAWA, umeme ni ZECO, na ungekuwa Mji Mkongwe na Mamlaka ya Hifadhi ungekutana nayo. Hayo ni malipo ya ruhusa yako na huduma yako, hakuna anaekuhesabia gari utakazoziengeza barabara ya Paje saa kumi na moja jioni. Barabara na mitaro yetu inajengwa kwa njia nyengine, bajeti ya serikali na mikopo, kama mitaro ya maji ya mvua ya mjini ilojengwa chini ya ZUSP, mradi wa huduma za miji wa Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkopo tunaoulipa sote, mwenye hoteli na muuza mchicha. Alieikuta Mwanakwerekwe ya masika ya zamani, gari zimezama hadi vioo, anajua mitaro ile ilikuwa na haja. Ningependa siku moja mahoteli makubwa ya pwani yahesabiwe fungu lao kwa karatasi iliyo wazi namna hii, akaunti mbali, ripoti kila mwaka, na wenye vibanda na migahawa midogo kama utakaoufungua wewe wasamehewe. Uingereza ada yao ya namna hii, ilioanza 2010, inapimwa kwa mita za mraba, na jengo jipya la chini ya mita 100 kwa kawaida haliguswi ikiwa si nyumba ya kuishi. Mpaka huo naupenda.

Kwa sasa lenu ni hili. Mdogo wako apime pahala kwa tepu, aombe karatasi, atizame wapita njia wametolewa au hawakutolewa, aulize jengo lilikuwa nini kabla ya mazulia. Ikishafika picha ya karatasi ile nitumie na mie hapa, futa jina na anuani yake kwanza, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari kabla hajalipa.